Seli za mgonjwa hazitoi homoni uliyoitarajia: anza kukagua wapi?

Mwongozo huu ni wa yule ambaye seli zake ziko tayari kwenye inkubeta, miezi imeshapita, na majibu ya vipimo hayaeleweki. Sitaeleza namna ya kuanzisha maabara. Naandika kama mtu aliyeshinda na pipeti mkononi kwa miaka, akaharibu, akarudia, na akagundua kwamba ugonjwa wa mgonjwa na ugonjwa wa sahani hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Mwaka 2006, huko Kyoto, Shinya Yamanaka na mwenzake walichukua seli za panya zilizokwisha kukomaa, wakazitia jeni nne, nazo zikarudi kuwa seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa aina yoyote. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa seli za binadamu. Ndizo tunazoziita seli za iPS. Tangu hapo, mtu mwenye ugonjwa wa tezi akitoa mililita chache za damu, seli zake zinaweza kurudishwa nyuma hadi hatua ya shina, kisha zikasukumwa mbele ziwe tezi ile ile inayomsumbua: pituitari iliyo chini ya ubongo, thairoidi ya shingoni, adrenali zilizokaa juu ya figo, au visiwa vya kongosho. (Hazina undugu na zile pakiti za unga zinazotembezwa mitandaoni kwa jina la seli shina. Unga hauna seli hai.)

Safari ya kwenda mbele ni ndefu na kila kituo kina mtego wake. Nimepanga matatizo kwa jinsi yanavyoonekana kwa macho, si kwa vyanzo vyake, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyokutana nayo.

Homoni ni nyingi mno, na imekuja mapema mno

Naanza na hili kwa sababu ndilo lililoniumbua. Nilikuwa wiki ya pili ya kusukuma seli kuelekea kongosho. Nikachota midia (maji ya lishe yanayokuzia seli) juu ya seli, nikapima insulini, namba ikapaa. Nikawaita watu. Dada mmoja mkongwe pale maabara akaja, akaiangalia karatasi, akaniuliza kwa upole: "Mdogo wangu, na midia iliyobaki kwenye chupa umeipima?" Sikuwa nimeipima. Nikaipima, midia ambayo haijawahi kugusana na seli yoyote, na namba ikatoka ile ile. Nilikuwa nimepima insulini ya kiwandani.

Virutubisho tunavyotia kwenye midia vimejaa homoni. B27 ina insulini, ina T3 ya thairoidi, ina kotikosteroni na projesteroni. N2 ina insulini na projesteroni. Seramu ya ndama huja na homoni zilizokuwamo kwenye damu yake. Midia za kukuzia seli shina zenyewe karibu zote zina insulini. Kwa hiyo anayechunguza kongosho, thairoidi au adrenali anaanza kazi akiwa amekwisha kumwaga majibu ya uongo ndani ya sahani kwa mkono wake.

Dawa yake ni kuwa na sahani tupu. Weka midia ile ile, kwenye sahani ya aina ile ile, ndani ya inkubeta ile ile, siku zile zile, bila seli. Namba yake ndiyo sifuri yako. Siku mbili tatu kabla ya kupima, osha seli mara kadhaa na uzihamishie kwenye midia isiyo na homoni unayoitafuta. Na kwa kongosho, achana na insulini yenyewe, pima C-peptidi. Seli ya beta, ile ya kongosho inayotengeneza insulini, inapokata proinsulini hutoa insulini moja na C-peptidi moja, na hakuna kiwanda kinachotia C-peptidi kwenye chupa.

Kwa kotisoli, homoni ya adrenali, soma orodha ya viungo vya midia mstari kwa mstari. Ukiona haidrokotisoni, ujue hiyo ni kotisoli yenyewe kwa jina la famasia. Nimewahi kumwona mtu anaitia Jumatatu na kuishangilia Ijumaa.

Hata sahani tupu ikiwa safi, kipimo chenyewe kinaweza kukudanganya kwa njia mbili. Ya kwanza ni biotini, vitamini ya kundi B. Vifaa vingi vya kupimia homoni hutumia ule mshikamano wa biotini na protini ya streptavidini, na B27 ina biotini. Kipimo kinachobana homoni katikati ya kingamwili mbili, kama cha insulini, au cha ACTH na TSH (homoni za pituitari zinazoamuru adrenali na thairoidi), kitasoma chini kuliko hali halisi. Kile cha ushindani, kama cha kotisoli au T4 ya thairoidi, kitasoma juu. Kukagua ni rahisi: tia kiasi unachokijua cha homoni kwenye midia tupu, kisha pima. Ukitia kumi ukarudishiwa nne, usipime kingine chochote mpaka ubadilishe kifaa au midia.

Njia ya pili ni undugu wa steroidi, jamii ya homoni ambamo kotisoli imo. Hapa ndipo wanaochunguza ugonjwa wa kuzaliwa wa kukua kwa adrenali wanapoanguka. Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu wamekosa kimeng'enya cha 21-haidroksilesi, hivyo kotisoli haitengenezwi vya kutosha na malighafi zake hurundikana: 17-haidroksiprojesteroni, na binamu yake 21-deoksikotisoli. Kingamwili ya kotisoli haina macho makali, huwakamata na mabinamu. Matokeo yake seli za mgonjwa zinaonekana zinatoa kotisoli kama kawaida, na wewe unaandika kwamba modeli imeshindikana, kumbe imefaulu. Steroidi zipimwe kwa spektrometa ya masi, kifaa kinachotambua molekuli kwa uzito wake, basi. Kama taasisi yako haina, tafuta yenye nayo uwapelekee midia iliyogandishwa. Steroidi ni imara na zinasafiri vizuri.

Homoni haipo kabisa

Usianze kuchokonoa mwisho wa safari. Rudi nyuma kituo kimoja kimoja mpaka ufike pale seli zilipopotea njia.

Kila tezi ina alama zake za njiani, yaani jeni zinazowaka seli zikiwa kwenye njia sahihi. Kwa kongosho, seli zipite kwanza hatua ya endodemu (tabaka la ndani la kijusi) zikiwa na SOX17 na FOXA2, kisha PDX1 pamoja na NKX6-1. Kwa pituitari, tafuta LHX3. Kwa adrenali, NR5A1, ambayo wengi huiita SF-1. Kwa thairoidi, tafuta NKX2-1 na PAX8, na hapa nakazia: zote mbili ndani ya seli moja. NKX2-1 peke yake ipo pia kwenye mapafu na ubongo wa mbele. PAX8 peke yake ipo kwenye figo. Ukipaka rangi moja leo na nyingine kesho kwenye sahani tofauti, unaweza kuwa umekuza mapafu upande huu na figo upande ule, ukaviita thairoidi. Kundi la Sabine Costagliola huko Brussels, walipotengeneza thairoidi inayofanya kazi kutoka seli shina za panya mwaka 2012, waliziwasha jeni hizo mbili kwa pamoja kwa muda, kisha wakaleta TSH.

Kama alama ya kwanza kabisa haipo, tatizo liko kabla hujaanza. Angalia koloni za seli shina kwa hadubini. Koloni nzuri ina ukingo mkali kama umekatwa kwa wembe, seli zimebanana, viini vikubwa. Ukiona kingo zimelegea na seli zinatanuka kama yai lililomwagwa kikaangoni, zimeshaanza kujiamulia njia zenyewe. Zikwangue hizo, au rudi kwenye kichupa cha awali. Gawa seli zikiwa zimejaza sahani asilimia 70 hadi 80, usingoje zijae. Na unapozitenganisha moja moja, usisahau kizuizi cha ROCK, dawa inayozisaidia zisife, maana seli shina ya binadamu ikiachwa peke yake hujiua.

Idadi ya seli unazoanza nazo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Itifaki ikisema idadi fulani kwa kila kishimo, hiyo ni kwa laini yao, yaani ukoo wao wa seli. Laini ya mgonjwa wako huenda inagawanyika polepole. Jaribu idadi nne au tano tofauti kabla hujasema lolote kuhusu jeni.

Kama alama za njiani zote zipo na homoni bado haitoki, jiulize kama umeipa tezi sababu ya kuitoa. Tezi hutii amri. Seli za ACTH zipelekee CRH, amri inayotoka haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu ya pituitari. Adrenali inataka ACTH, au kitu cha kupandisha cAMP (ishara ya ndani ya seli), na pia kolesteroli, kwa kuwa steroidi zote huchongwa kutoka humo. Thairoidi inataka TSH na ayodini, yaani yale madini joto tunayowekewa kwenye chumvi. Bila ayodini, seli nzima kabisa zitakaa na thairoglobulini yao bila T4 hata chembe.

Seli za beta zina kipimo kizuri cha kuzibana ukuta. Zipe glukosi kidogo, 2.8 mM, kisha nyingi, 16.7 mM, mwisho zipe kloridi ya potasiamu 30 mM. Potasiamu hufungua mlango wa kutolea insulini bila kuuliza habari za glukosi. Zikitoa kwa potasiamu na kukataa kwa glukosi, insulini ipo na mlango ni mzima, kasoro ni kwenye kuhisi au kuchoma glukosi. Zikikataa vyote viwili, ama hazina akiba ama si seli za beta.

Na kuna kosa dogo la kuhuzunisha: homoni ilitoka, ikafia kwenye kichupa. ACTH huvunjwa haraka na vimeng'enya, na hupenda kung'ang'ania glasi. Chota kwenye vichupa vya plastiki vilivyo juu ya barafu, zungusha, gandisha mara moja.

Seli za mgonjwa na za mtu mwenye afya zinafanana

Hapa ndipo watu hukata tamaa, na ndipo mimi huanza kufurahia kazi, maana swali linahama kutoka kwenye sahani kwenda kwenye ugonjwa wenyewe. Kasoro ya ugonjwa huu inakaa wapi mwilini? Je, seli ulizochukua zinayo?

Chukua ugonjwa wa Cushing, ambapo uvimbe mdogo wa pituitari humwaga ACTH. Mwaka 2015 ilionekana kwamba uvimbe mwingi wa aina hiyo una kasoro kwenye jeni USP8, lakini kasoro imezaliwa ndani ya uvimbe, haimo kwenye damu. Ukitengeneza seli shina kutoka damu ya mgonjwa huyo, unatengeneza pituitari nzima ya mtu asiye na ugonjwa. Ndivyo ilivyo pia kwa KCNJ5 kwenye uvimbe wa adrenali unaopandisha presha kwa aldosteroni. Kabla ya kumchoma mgonjwa sindano, uliza kama kasoro ni ya kuzaliwa.

Katikati yao kuna sindromu ya McCune-Albright. Kasoro ya GNAS hutokea mimba ikiwa changa, hivyo mwili unakuwa mchanganyiko, seli nyingine zinayo na nyingine hazina. Hiyo ni bahati ukiijua. Kutoka kwa mtu mmoja unaweza kupata kloni (kila moja ni kizazi cha seli moja) zenye kasoro na kloni zisizo nayo, vingine vyote vikiwa sawa. Usipoijua, utachagua kloni moja kwa kubahatisha na kulaumu itifaki.

Magonjwa ya kinga ni mtego mwingine. Graves, Hashimoto, Addison wa aina ya kinga, kisukari cha aina ya kwanza: tezi hapo ni mshambuliwa, si mkosaji. Thairoidi ya mgonjwa wa Graves uliyoikuza peke yake ina haki ya kuonekana nzima, kwa sababu kingamwili inayoichochea haipo kwenye sahani. Mletee seramu yenye kingamwili, au seli za kinga za mgonjwa yule yule, ndipo kesi itasikilizwa.

Kuna na ugonjwa unaokaa kwa jirani. Mfano ninaoupenda ni wa kundi la Kobe, mwaka 2020. Mgonjwa alizaliwa na pituitari iliyodumaa, na kasoro ilikuwa kwenye jeni OTX2. Njia yao ya kukuza pituitari, iliyotokana na ile ya Hidetaka Suga na Yoshiki Sasai ya mwaka 2011, haikuzi pituitari peke yake. Mpira mmoja wa seli huota haipothalamasi ndani na tabaka la pituitari nje, zikizungumza kama zinavyozungumza tumboni mwa mama. Kwenye seli za mgonjwa, LHX3 haikuwaka. Chanzo walikikuta upande wa haipothalamasi: OTX2 ya huko ndiyo inayosimamia ishara ya FGF10 inayoielekeza pituitari. Mtu anayekuza pituitari tupu asingeliona hilo kamwe. Kwa hiyo ukikosa tofauti, kagua kama itifaki yako imemfukuza jirani.

Mara nyingine kasoro ipo lakini imelala. Seli za iPS hazina umri, miaka 40 ya mgonjwa imefutwa, na unachopata ni tezi ya kijusi. Ugonjwa unaojitokeza ukubwani unahitaji kushtuliwa. Seli za beta zenye kasoro ya WFS1, ile ya sindromu ya Wolfram, huonyesha udhaifu wake zaidi zinapobanwa kwenye endoplazimu retikulamu, mahali proinsulini inapokunjwa. Zibane kidogo, pamoja na za kulinganishia, kwa dozi ile ile.

Halafu hakikisha kasoro bado ipo. Soma tena mfuatano wa jeni kwenye laini yenyewe, usitegemee karatasi ya hospitali. Kwa CYP21A2, jeni ya ile 21-haidroksilesi, kuwa mwangalifu mara mbili, kwani pembeni yake kuna nakala mfu, CYP21A1P, inayofanana nayo karibu kila herufi. Vianzishi vya PCR, mbinu ya kunakili vipande vya DNA, vikikosewa vinasoma nakala mfu na kukuambia mtu mwenye afya ni mgonjwa. Na CRISPR, mkasi wa kuhariri jeni, ikielekezwa vibaya hukata zote mbili.

Tofauti ipo leo, kesho haipo

Swali la kwanza: unamlinganisha mgonjwa na nani? Mradi wa HipSci wa Uingereza uliopima mamia ya laini uliona mwaka 2017 kwamba asilimia 5 hadi 46 ya utofauti wa seli hizi, kutegemea kinachopimwa, inatokana tu na watu kuwa watu tofauti. Mgonjwa mmoja dhidi ya mzima mmoja ni mechi isiyo na refa. Kwetu jambo hili lina uzito wa ziada, maana laini nyingi zilizomo kwenye benki za seli zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ukichukua damu ya mtoto wa Mwanza na kuilinganisha na laini ya mtu wa London, utapata tofauti nyingi sana na hutajua ipi ni ya ugonjwa. Rekebisha kasoro kwa CRISPR kwenye laini ya mgonjwa upate pacha wake mzima, na ukiweza, tia kasoro ile ile kwenye laini nzima. Homoni ikirudi upande mmoja na kupotea upande wa pili, una hoja. Ukikosa CRISPR, mzazi au ndugu wa mgonjwa ni bora kuliko mgeni. Kloni zisipungue mbili au tatu kwa kila mtu.

Swali la pili: laini imebadilika? Seli shina zikikaa sana kwenye sahani, zile zenye mbio hushinda. Kipande cha kromosomu 20, pale 20q11.21, kikijirudia, huongeza BCL2L1 ambayo huzuia seli kufa, na baada ya wiki chache zimetawala sahani nzima. Picha ya kawaida ya kromosomu mara nyingi hukikosa kwa kuwa ni kidogo mno. Tumia PCR ya kuhesabu nakala. Dalili ya nje ni laini iliyokuwa inadeka, ikawa ghafla haidhuriki na lolote. Usiifurahie. Pima pia kromosomu 1, 8, 12, 17 na X.

Mikoplazma, bakteria wadogo mno, haitii midia ukungu wala kunuka, inapunguza tu kasi na kuvuruga jeni zote kidogo kidogo. PCR kila mwezi. Virusi vya Sendai vilivyobeba zile jeni nne navyo hubaki kwa muda, usianze jaribio mpaka vimethibitishwa kutoweka. Na alama za STR, zinazomtambulisha mtu kwa DNA yake, zilinganishwe na damu ya mgonjwa mwenyewe, kwa sababu vichupa hubadilishana majina kwenye nitrojeni kuliko mtu yeyote anavyokiri.

Kisha angalia namba za toleo. Matrigel ni ute wa uvimbe wa panya, haufanani chupa kwa chupa. Tukipata toleo linalokubali, tunaagiza la mwaka mzima.

Mpira wa seli umeoza katikati

Oganoidi, yaani mpira huo wa seli, ikizidi takriban nusu milimita, oksijeni haifiki ndani. Kiini cheusi chini ya hadubini ni seli zilizokufa, na ukisaga mpira mzima upime RNA, utadhani ugonjwa unaua seli. Anza na seli chache, kata mipira vipande, au itikise taratibu. Pituitari ni mlafi zaidi: itifaki ya Suga huipandishia oksijeni hadi asilimia 40 katika hatua za mwisho, na inkubeta ya kawaida haina uwezo huo. Utahitaji yenye tundu la oksijeni na mtungi pembeni, na mtu wa kuuangalia geji yake Ijumaa jioni kabla jengo halijafungwa.